Mafuta ya Mwanaupe

Salum Tabu, fundi pikipiki wa Kitaji, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na Musoma nzima hapakuwa na duka la dawa lenye tiba yake: hakuweza kusema "sijui". Mengine yote aliyaweza. Aliamka mapema, hakunywa, hakuiba spea ya mtu, na akikwambia njoo kesho saa nne, saa nne unakuta kazi imekwisha. Ila umuulize kitu asichokijua, ndipo utamwona anavyokuna kidevu na kukutungia jibu.

Na msimlaumu haraka. Ugonjwa huo aliupata miaka ya shida, ile miaka ya foleni za sukari, petroli kwa kibali, na Jumapili mchana ukikutwa barabarani na gari unakwenda kulala ndani. Spea hakuna. Petroli yenyewe, ukibahatika kuipata, mwenye nayo ameshaichanganya na mafuta ya taa. Nani alizifanya injini zikubali kula uchafu ule? Salum. Kabureta alizifungua akatanua vitundu kwa waya wa breki ya baiskeli, tangi lililotoboka akaliziba kwa sabuni ya mche, na pikipiki iliyoletwa mgongoni mwa mkokoteni ikaondoka kwa miguu yake. Watu wamekuita daktari miaka kumi, na daktari wa pili hayupo. Utajifunzia wapi kusema hujui?

Kupima mafuta nako kulikuwa kwake. Alidondosha matone mawili kwenye karatasi ya daftari akaiacha ikauke. Ikikauka nyeupe, hiyo petroli. Ikibaki na doa la kuteleza, umeuziwa taa. Akishasema, yamekwisha, hakuna wa kumbishia. Wauzaji wawili walihama mji kwa kauli ya Salum, na walistahili, walikuwa wezi.

Basi ukafika mwaka tisini na mbili. Maduka yamejaa, mitumba mpaka kwenye uzio wa shule, na pikipiki za kila namna zinaingia nchini. Asubuhi moja akaja Dorkas Wegesa, muuguzi wa zahanati moja ya upande wa Butiama, njia ya Mwitongo, anaisukuma pikipiki kubwa kuliko zote alizowahi kuziona Salum. Dorkas alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kulima, na pikipiki ile ndiyo ilimpeleka vijijini kuchanja watoto.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba Sista. Huyu nyati umemtoa wapi?"

"Aliacha yule mzungu daktari wa ng'ombe. Inazimikaga nikipunguza mwendo. Nikiongeza moto inakohoa. Jana nimesukuma mpaka mgongo ukakataa."

Salum akachuchumaa. Silinda tatu, injini ya kupozwa kwa maji. Tena haikuwa kama ilivyotoka kiwandani: mzungu alikuwa amekata ekzosi akaweka fupi iliyo wazi, akaondoa boksi la chujio la hewa na kufunga chujio kubwa lililopanda juu kukwepa vumbi. Salum akatafuta kabureta upande wa kulia, haipo. Akazunguka kushoto, haipo. Akapenyeza mkono chini ya tangi, akakuta nyaya, bomba nene la mpira, na kopo la alumini lenye kifuniko cheusi kilichogandishwa kwa gundi. Jasho likamtoka kwapani.

"Haina kabureta," Dorkas akasema, kwa wema tu. "Pampu iko ndani ya tangi. Hilo kopo linapimaga hewa, alafu kuna kompyuta kadogo chini ya kiti kanaamua mafuta iende kiasi gani. Kitabu ninacho, na mzungu aliandika nyuma kila kitu alichobadilisha. Ni Kiingereza, lakini nitakusomea Fundi, hata siku nzima."

Kwenye benchi walikaa wateja watatu, wachuuzi wa samaki, wanasubiri zamu yao. Wote wakamtazama Salum. Hapo ndipo angesema, "Nisomee, Sista." Maneno mawili. Lakini macho ya benchi yalikuwa mgongoni mwake, naye akaona atakuwaje yeye, Salum, mtu mzima, anasomewa injini na muuguzi mbele za watu.

"Sista," akasema, "injini haisomwi. Injini inasikilizwa."

Benchi likacheka. Dorkas akarudisha kitabu kwenye mkoba wake.

Na kusikiliza alijua, tusimnyime haki yake. Ilipowashwa tu alisikia kwamba hewa ni nyingi na mafuta ni kidogo. Hapo alipatia. Ila hewa hiyo ya ziada ilikuwa inaingilia wapi? Angelipapasa lile bomba la mpira kwa chini angekuta mpasuko wa urefu wa ukucha. Hakupapasa. Alifikiri kwa akili ya kabureta, na kwenye kabureta mafuta yakipungua unaongeza. Akachokoa ile gundi kwa bisibisi, akainua kifuniko. Ndani palikuwa na gurudumu dogo la meno, limeshikwa na springi nyembamba, na alama ya rangi nyeupe pembeni. Akalegeza jino moja. Injini ikabadili sauti. Akalegeza la pili, la tatu, huku ameinamisha sikio, mpaka la saba, na mngurumo ukatulia.

Wale wachuuzi wakapiga makofi. Gundi ya kurudishia kifuniko hakuwa nayo, akaziba kwa sabuni ya mche kama alivyozoea, akanawa mikono. Dorkas akamshukuru mara tatu, akapanda, akaenda zake. Siku ile Salum alikula chakula cha mchana kwa raha.

Siku ya tano likaja lori la pamba na ujumbe: Sista amekwama kabla ya Nyamuswa, njoo. Salum akapanda lori hilohilo lilipogeuza. Alimkuta Dorkas amekaa kwenye jiwe, kasha la chanjo lipo miguuni pake, na watu wa pale wamejazana kama ilivyo desturi ya watu wakiona mali ya mtu imeharibika. Barafu ilikuwa imeyeyuka tangu saa tano. Chanjo za kliniki mbili zilikuwa si chanjo tena, ni maji. Dorkas hakuwa analia, lakini alikuwa ameacha kujipangusa vumbi usoni.

Salum akafungua plagi. Zote tatu zimelowa, nyeusi tii. Akaingiza kidole kwenye ekzosi, kikatoka na masizi. Akajua palepale. Nataka hili lieleweke, maana baadaye alijaribu kujidanganya kwamba hakuwa na hakika: alijua. Injini ilikuwa imenyweshwa mafuta mpaka imezama, na aliyeinywesha ni yeye, kwa meno saba.

"Nini Fundi?" mzee mmoja akauliza.

Watu wakanyamaza kumsikiliza. Salum akainama kwenye tangi, akanusa, akajishughulisha na kunusa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Sista, mafuta ulijaza wapi?"

"Kwa Mwanaupe, Bunda. Asubuhi hii."

Laiti angetaja mtu mwingine. Mwanaupe alikuwa mjane wa Shomari, na Shomari ndiye aliyempa Salum seti yake ya kwanza ya spana na kumwonyesha kazi. Salum alikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumlaza. Mwanaupe sasa aliuza petroli kwa mapipa mawili nyuma ya kibanda chake karibu na stendi ya Bunda, na mdogo wake, Pazi, ndiye aliyemletea kutoka Mwanza. Salum na Mwanaupe waliitana shemeji. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na watu wote walikuwa wamelielewa kabla hajasema lolote zaidi.

"Mafuta haya yamechanganywa," akasema.

Karatasi ya daftari ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa. Na hakuna aliyemwambia aitoe, maana akishanusa Salum wa nini tena kupima?

Zilitosha siku mbili. Makondakta walilibeba neno hilo mpaka Bunda, na Bunda ikalipokea kwa mikono miwili. Magari yakawa yanapita mbele ya kibanda cha Mwanaupe bila kupunguza mwendo. Salum alizisikia habari zote hizo akiwa Kitaji, na kila aliyemletea alimpa pole na kumsifu kwa pua yake. Alikuwa akijibu "ndiyo hivyo" na kuendelea kukaza nati ambazo zilikwishakazwa. Usiku alijiambia watu husahau. Asubuhi alijiambia atakwenda Bunda kesho. Kesho hiyo aliisukuma wiki tatu.

Wiki ya nne akaisikia pikipiki kabla hajaiona. Ilikuwa inakuja polepole kwenye mawe ya Kitaji, mwendo wa mtu anayetembea, na haikohoi wala haizimi. Dorkas akaiegesha, akaiacha inanguruma makusudi, kisha akazima.

"Umeisikia Fundi?"

"Nimeisikia. Nani kaitengeneza?"

"Isidori. Isidori Ngolo, fundi wa kinu cha pamba, Bunda. Tulimwaga mafuta yale, tukaweka ya Musoma, moshi ni uleule. Ndiyo nikampelekea." Akavua kofia ngumu akaishika mbele yake. "Akaniambia nimsomee kitabu. Nimesoma siku mbili, sentensi moja moja, yeye anafuata na kidole kwenye injini. Neno akiwa halielewi anasema Sista rudia. Kwanza akakuta bomba limepasuka, akaweka lingine. Alafu kwenye ukurasa wa nyuma mzungu ameandika kwamba baada ya kubadilisha ekzosi na chujio alisogeza gurudumu meno manne kutoka kwenye alama nyeupe. Tukafungua. Tukakuta kumi na moja."

Hesabu hiyo Salum alikuwa anaijua.

Dorkas akatoa mfukoni kipande cha gazeti, akakifunua juu ya meza ya kazi. Kilikuwa kipande cha sabuni ya mche, cheusi kwa masizi upande mmoja.

"Amemwambia nani?" Salum akauliza. Hilo ndilo swali lake la kwanza. Hakuuliza habari za watoto waliokosa chanjo, hakuuliza habari za Mwanaupe. Alilisikia likitoka mdomoni mwake na uso ukamshuka.

"Hajamwambia mtu. Alisema wewe ni mkubwa wake kwenye kazi hii, hawezi kukuvua nguo. Alisema utasema mwenyewe." Dorkas akavaa kofia yake. "Na mimi sijasema. Lakini Fundi, nilikuwa ninapitaga mbele ya yule mama wiki zote hizi na simsalimii. Ananiamkia mimi, mdogo, na mimi nageuza kichwa."

Alipoondoka, Salum alifunga karakana saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku mkewe alipojifungua. Heri Isidori angemtangaza stendi. Angekasirika, angetukana, angepata mtu wa kumchukia. Lakini mtu aliyekushika ugoni kisha akakufunika shuka, huyo utamfanya nini? Aliona aibu mpaka masikio yakawasha. Kesho yake alfajiri akapanda basi la Bunda.

Njiani alijiandaa kwa matusi. Aliyapanga yote ambayo Mwanaupe angeweza kumwambia, akayakubali moja moja, akaona anastahili mengine zaidi. Alifika amekaza taya.

Kibanda kilikuwa kimefungwa. Nyuma, yale mapipa mawili yalikuwa yamepinduliwa, yamekauka, na majani ya pale chini yamekufa yote, duara pana la udongo mtupu. Mwanaupe alikuwa kwenye jamvi anachambua dagaa, shughuli yake mpya. Alipomwona Salum aliinuka, akatandaza khanga juu ya kigoda ili aketi.

"Karibu shemeji. Nilisema tu lazima utakuja, huwezi kunitupa."

"Shemeji..."

"Kaa kwanza, chai ipo." Akamimina, akampa kikombe kwa mikono miwili. "Mimi nilikuwa nataka nikufuate Musoma nikushukuru, nauli ndiyo ilinishinda. Umenistiri, shemeji. Bila wewe ningeendelea kuwauzia watu mafuta ya taa, dhambi juu ya dhambi, na mimi wala sijui. Wengine wananiambia, mbona hata karatasi hakupima? Nikawaambia nyie hamumjui Salum. Marehemu alikuwa akisema pua ya Salum haina mfano. Siku ileile niliposikia nikamwaga pipa zima. Lingine nusu. Pale."

Salum akatazama pale penye udongo mtupu.

"Na Pazi?" akauliza.

Mwanaupe akarudi kwenye dagaa wake.

"Nilimwita mbele ya imamu na wazee wawili wa msikiti. Akatia udhu, akashika msahafu, akaapa kwamba mafuta ameyatoa Mwanza safi na hakuyagusa njiani. Machozi yanamtoka. Nikamwambia mbele yao wote, unaapa uongo, toka nyumbani kwangu. Maana nilifanyaje, shemeji? Pazi anaapa, na wewe umesema. Mmoja wenu lazima awe mwongo. Nikajiuliza, Salum anadanganya kwa faida gani?"

Salum akaweka kikombe chini. Katika yale matusi yote aliyojiandalia ndani ya basi, hakukuwa na moja linalofanana na shukrani hii.

"Sikupima," akasema.

"Ndiyo, wewe huhitaji kupima."

"Shemeji, nisikilize. Sikupima kwa sababu nilijua yangekauka safi. Mafuta yako hayakuwa na kitu. Niliharibu injini ya watu mimi mwenyewe, kwa kutojua. Nikaona aibu mbele za watu, nikayasingizia mafuta. Pazi hakuapa uongo."

Mikono ya Mwanaupe ikasimama juu ya ungo. Kuku wakaja wakadonoa dagaa pembeni, naye hakuwafukuza.

"Ulijua lini?" akauliza.

Hapa Salum angeweza kusema jana, Dorkas alipomletea habari. Lingekuwa jibu la kumwacha na kiraka cha kujisitiri, na Mwanaupe angelipokea. Lilimfika kwenye ulimi kabisa.

"Palepale barabarani," akasema. "Kabla sijakutaja."

Mwanaupe hakumtukana. Hakusema hata astaghafirullah. Aliinuka, akajikung'uta magamba ya dagaa, akaivuta ile khanga iliyokuwa kwenye kigoda, ambayo Salum ilimbidi asimame ili aiachie, akajifunika kichwa.

"Twende," akasema.

Walitembea, Mwanaupe mbele, Salum nyuma, wakapita stendi. Watu wakamwamkia Salum pande zote, shikamoo Fundi, shikamoo Daktari, naye akawa anaitikia marahaba kwa sauti iliyokuwa inazidi kupungua.

Pazi alipanga chumba nyuma ya maghala. Tangu biashara ife alikuwa akishona magunia ya pamba yaliyochanika, na ndivyo walivyomkuta, sindano ndefu mkononi na nyuzi mdomoni. Alipomwona dada yake kwa mara ya kwanza baada ya karibu mwezi mzima, alisimama ghafla mpaka gunia likaanguka. Kisha akamwona Salum nyuma yake, na uso wake wote ukafunguka.

"Asalaam aleikum, kaka Salum. Alhamdulillahi." Akatoa kiti pekee kilichokuwepo, akakifuta kwa kiganja, akamkalisha Salum kabla hajasema la kusema. "Dada, ngoja. Ngoja nakuja."

Akaingia ndani. Wakamsikia anasogeza vitu chini ya kitanda. Akatoka na chupa ya soda iliyojaa, imezibwa kwa gunzi na kufungwa nailoni juu yake, imekazwa kwa uzi wa magunia mara nyingi.

"Hii niliiteka kabla dada hajamwaga," akasema, anahema kidogo. "Watu waliniambia nipeleke kwa Isidori, si yupo hapahapa Bunda. Nikakataa. Nikasema aliyesema ni Salum, na Salum mwenyewe ndiye atakayenisafisha. Alinusa tu siku ile, alikuwa na haraka, mtu yeyote anaweza kukosea kwa haraka. Lakini nilijua siku akija mwenyewe, akapima kwa mkono wake, yule hawezi kumdhulumu mtu."

Akamnyooshea ile chupa. Salum hakuipokea. Mwanaupe alikuwa amesimama karibu na mlango, khanga ameishikilia chini ya kidevu.

"Pima tu, kaka," Pazi akasema, akadhani anasitasita kwa huruma. "Mimi siogopi."

"Ninayeogopa ni mimi, Pazi," alisema Salum. Akainuka kwenye kile kiti, akamwambia yote akiwa amesimama, na Mwanaupe akasikiliza mpaka neno la mwisho bila kumsaidia.